Marumaru za kijivu, sofa la kahawia na ukuta unaotoa chumvi: rangi ipi iingie sebuleni?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Tuna nyumba Kinyerezi na rangi ya kwanza, chungwa iliyokolea, imechoka. Sebule ni mita 5 kwa 4, kimo mita 2.8. Dirisha kubwa linatazama magharibi, dogo kaskazini, TV iko ukuta wa kusini. Sakafu ni marumaru za kijivu, na sofa ni la kahawia. Hilo halibadilishwi mwaka huu. Mume wangu anataka kijivu alichokiona kwenye simu. Mimi nataka kijani. Fundi anasema tupake krimu ya mafuta nyumba nzima kwa sababu inafutika, tena ndoo moja inatosha. Halafu ukuta wa mashariki, unaopakana na bafu, chini unatoa unga mweupe na rangi inabanduka. Tuanzie wapi, na siku hizi fasheni ni ipi?

Jibu: Dada, kijani chako kinashinda, lakini si kijani kile kinachokujia kichwani, na hakitapakwa nyumba nzima. Kijivu cha shemeji tayari mnacho, kiko sakafuni. Krimu ya mafuta ya fundi ibaki dukani. Na kabla ukuta wa mashariki haujakauka, asifungue mtu kifuniko cha rangi yoyote.

Tuanze na huo ukuta, maana ndio utakaokula pesa yenu mkiudharau. Ule unga mweupe ni chumvi. Maji yakipita ndani ya tofali la saruji na lipu huyeyusha chumvi zilizomo. Yakifika usoni mwa ukuta, maji hukauka na chumvi hubaki. Ikikuta rangi imeziba njia, hujikusanya nyuma yake na kuisukuma mpaka ibanduke. Ndiyo maana kukwangua na kupaka upya hakusaidii: miezi michache tu na unga umerudi palepale.

Kwa kuwa nyuma yake ni bafu, mtuhumiwa wa kwanza ni bafu. Funga mabomba yote ya nyumba usiku, andika namba za mita ya maji, na asubuhi kabla mtu hajafungua bomba zisome tena. Mita ikiwa imesogea, kuna bomba linavuja. Kama haikusogea, tazama maungio ya marumaru za bafuni na pale sakafu inapokutana na ukuta. Saruji nyeupe ya maungio ikishapasuka, kila anayeoga anaunywesha ukuta. Kuna kipimo kingine rahisi. Bandika kipande cha nailoni, sentimita 50 kwa 50, juu ya sehemu mbovu upande wa sebuleni, ukizungushia tepu pande zote nne, ukiache siku mbili. Unyevu ukionekana nyuma ya nailoni, maji yanatoka ndani ya ukuta. Ukionekana upande wa chumbani, ni hewa yenye unyevu tu, na dawa yake ni madirisha kufunguliwa.

Na kama unga huo unaonekana chini ya kuta zote, si huo mmoja, basi maji yanapanda kutoka ardhini: nailoni ya msingi haikuwekwa au imetoboka, au udongo wa nje umepanda juu kuliko sakafu ya ndani. Hili la udongo ni la kawaida sana kwenye viwanja vyenye mteremko, ambako kila masika huleta tope jipya ukutani. Uchimbwe mpaka uwe angalau sentimita 15 chini ya usawa wa sakafu, na maji ya paa yasimwagikie hapo.

Chanzo kikishazibwa, lipu yote mbovu ibanduliwe mpaka sentimita 30 hadi 50 juu ya alama ya mwisho ya unyevu. Chumvi iliyobaki kwenye tofali ipigwe brashi kavu. Isioshwe, kwa sababu maji huiyeyusha na kuirudisha ndani. Acheni tofali likae wazi wiki kadhaa lipate upepo, ndipo lipu mpya ipigwe, nayo ikae siku 28 kabla ya rangi. Fundi atanung'unika kuhusu hizo siku 28, lakini zina sababu: saruji mbichi ina magadi makali, na magadi hayo huunguza rangi. Rangi ya mafuta ndiyo huumia zaidi, kwani mafuta na magadi vikikutana hugeuka kuwa sabuni, kweli kabisa. Ukuta unanata na utando unateleza. Tumieni praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikisha, inayohimili saruji mbichi, kisha rangi ya maji isiyong'aa, ambayo hupumua. Msikubali ukuta huo ufunikwe kwa mbao za plastiki au marumaru "kuficha". Unyevu utapanda juu ya kifuniko na mtauona tena, safari hii juu zaidi.

Wakati ukuta unakauka, shughulikieni taa, na hapa wengi hupitiwa. Balbu nyingi zinazouzwa mjini ni nyeupe ya baridi. Kwenye boksi imeandikwa 6500K. Mwanga huo una ubuluu. Kijivu chini yake hugeuka kama wodi ya hospitali, na kahawia ya sofa hupauka. Badilisheni ziwe za 3000K, au 4000K kama hampendi mwanga wa njano, na kwenye boksi tafuteni CRI, kipimo cha jinsi mwanga unavyoonyesha rangi, ya 80 au zaidi ili rangi zionekane zilivyo. Kwa sebule ya mita za mraba 20, mwanga wa jumla wa lumeni 3,000 unatosha. Hiyo ni balbu nne hivi za wati 9. Kama ukuta mmoja utakuwa na rangi iliyoiva, ongezeni moja. Zile nyaya za taa za kubadilika rangi zinazozungushwa kwenye dari ya jipsamu, zambarau leo, kijani kesho, mimi nisingeziweka. Zikiwaka, hakuna rangi ya ukuta inayobaki na maana. Kama tayari zipo, ziacheni kwenye nyeupe ya joto.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Kanuni yangu ni kwamba rangi ichaguliwe mwisho. Mashine ya dukani inachanganya maelfu ya rangi, lakini marumaru ziko moja, sofa liko moja, na kitambaa cha pazia ni kile kilichopo Kariakoo wiki hiyo. Anayeanza na rangi huzunguka mji mzima kutafuta pazia la kufanana nayo, mwisho anachukua la karibu-karibu na chumba kizima kinakataa. Kwa hiyo chukueni kipande cha marumaru kilichobaki stoo, kitambaa cha sofa kutoka chini ya mto, na kipande cha pazia mnalolitaka. Viwekeni pamoja mezani mchana karibu na dirisha. Rangi itafutwe kwa ajili ya kundi hilo.

Kijivu cha marumaru kiangalieni vizuri, maana kijivu tupu ni nadra. Kiweke juu ya karatasi nyeupe: utaona kinaelekea ubuluu, ukijani, au uzambarau. Kama kinaelekea ubuluu, krimu yenye njano nyingi, ile rangi ya samli, itagombana nacho, na ukuta utaonekana mchafu hata ukiwa umepakwa jana. Hapo ndipo krimu ya fundi inapofeli nyumba nyingi zenye marumaru za kijivu. Nyeupe ya maziwa, au nyeupe ya ufuta yenye ukijivu kidogo, inakaa kati ya sakafu baridi na sofa lenye joto bila kugombana na yeyote.

Kwa nini nisimpe shemeji ukuta wa kijivu? Sakafu ya kijivu, kuta za kijivu, dari nyeupe: chumba hakina pa kushikia, na sofa la kahawia litasimama peke yake kama mgeni. Tena katika mji huu, ambako kila mtaa una nyumba mbili tatu ambazo hazijaisha, ukuta wa kijivu cha kati husomeka haraka kama lipu ambayo haijapakwa rangi. Picha za kwenye simu zimepigwa kwenye nyumba zenye sakafu za mbao, madirisha makubwa na mwanga laini wa nchi za kaskazini, kisha zikapitishwa kwenye vichujio. Zichukueni kama wazo la mpangilio, si kama kipimo cha rangi.

Kijani, basi. Kijani cha jani bichi kikipakwa kuta nne hurudisha ukijani wake kwenye nyuso za watu na kwenye dari. Wote mtaonekana mnaumwa. Kinachofaa ni kijani kilichotiwa ukijivu, cha jani la mlonge lililokaushwa kivulini, au cha zeituni kama mnataka kiive zaidi. Hicho kina ukijivu wa kusalimiana na sakafu na ujoto wa kusalimiana na sofa. Ningekipaka ukuta wa kusini tu, wa TV, na kuta tatu zilizobaki nyeupe ya ufuta.

Sikuutaja ukuta huo kwa kuwa una TV tu. Ukuta wenye dirisha, kwenu wa magharibi, mchana uko kwenye kivuli huku dirisha lenyewe linawaka. Ukiupaka rangi nzito, tofauti kati ya dirisha na ukuta inakuwa kali na macho yanachoka. Ukuta wenye dirisha siku zote upewe rangi nyepesi. Ukuta wa mashariki ndio unaopigwa jua la jioni usoni, halafu una ule ugonjwa wa chumvi. Rangi nyepesi itaficha viraka vya marekebisho na haitapauka haraka. Wa kaskazini una dirisha pia. Umebaki wa kusini. Nyuma ya TV, rangi ya kati isiyong'aa husaidia kile kioo cheusi kisionekane kama shimo kinapozimwa.

Jua lenyewe mlijue. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Kuanzia kama tarehe 10 Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi jua hupita upande wa kusini. Miezi mingine hupita kaskazini. Dirisha lenu la magharibi litapata jua la jioni mwaka mzima, ila Desemba miale itaingia kwa mshazari kuelekea ukuta wa kaskazini, na Juni itaelekea ukuta wa kusini, huo wa TV. Mwanga wa mshazari hufichua kila kasoro: kila mstari wa rola, kila bonde la skimu, ile puti ya kulainisha ukuta. Kwa hiyo ukuta wa TV utakaouonyesha wageni mwezi wa sita upigwe skimu vizuri na upakwe rangi isiyong'aa. Yenye mng'ao itaonyesha mawimbi.

Kabla ya kununua ndoo, jaribuni. Kadi ya dukani ni ndogo kuliko kiganja, na rangi ikienea ukuta mzima huonekana imekolea kuliko kwenye kadi. Nunueni lita moja ya kijani mnachokifikiria na moja ya kilicho hatua moja juu kwa ukijivu. Msipake majaribio juu ya chungwa la sasa. Chungwa ni jirani mbaya wa kijani. Kila kimoja humkoleza mwenzake, na mtaona kijani kikali kuliko kilivyo. Pakeni kwenye kipande cha ubao wa dari, sentimita 60 kwa 60, mikono miwili, yaani mara mbili, mkiacha ukingo mweupe wa sentimita 5 kuzunguka. Kisha uhamisheni ubao: uegemezeni ukuta wa kusini, wa mashariki, juu ya sakafu kando ya sofa. Utazameni saa mbili asubuhi, saa saba mchana, saa kumi na moja jioni dirisha likiwa limejaa jua, na saa mbili usiku taa mpya zikiwaka. Siku ya mawingu nayo ihesabiwe. Angalieni na kilicho nje ya dirisha: kama uwanja ni udongo mwekundu, au jirani ana ukuta wa rangi kali, mwanga unaoingia umeshabeba rangi hiyo. Dirisha la magharibi jioni huongeza uchungwa. Kijani chenye unjano mwingi kitageuka haradali, chenye ukijivu kitabaki kijani.

Rangi mliyoikubali ichanganywe na mashine, na namba ya mchanganyiko mwandikiwe. Fundi akisema "tuchukue nyeupe, mimi nitatia tinta", mkatalieni kwa upole. Mchanganyiko wa jicho haurudiki. Siku mtoto akichora ukuta mtapaka chumba upya badala ya kiraka. Tena tinta ikizidi kwenye rangi ambayo haikutengenezewa, inakawia kukauka na kushika. Mkichukua galoni zaidi ya moja za rangi ileile, zimiminwe zote kwenye ndoo moja kubwa zikorogwe pamoja, kwani galoni na galoni huweza kupishana kidogo, na mstari wa kupishana hutokea katikati ya ukuta.

Sasa ile ndoo moja ya fundi. Mzunguko wa sebule ni mita 18. Mara kimo cha 2.8 ni mita za mraba 50.4. Toa milango miwili na madirisha mawili, karibu mita 8, zinabaki kama 42.5. Mikono miwili ni 85. Lita moja ya rangi ya maji nzuri kwenye ukuta laini uliopigwa praima hufunika mita za mraba kama 10. Kwenye lipu isiyo na skimu hushuka mpaka 7 au chini. Ukuta wa TV ni mita 14, mikono miwili 28, yaani lita 2.8: galoni moja ya lita 4 inatosha na kubakisha. Kuta tatu zilizobaki zinataka lita 5.7, na ukiongeza asilimia 10 ya kinachobaki kwenye rola na trei, galoni mbili. Dari ni galoni moja ya nyeupe isiyong'aa. Chumba cha kulala cha mita 3.5 kwa 3 kinataka karibu lita 6.4. Jumlisha sebule na vyumba viwili tu na lita 20 zimeshapita, bado korido na jiko. Ndoo moja inaweza kutosha nyumba nzima kwa njia moja: ikitiwa maji. Na hivyo ndivyo inavyofanyika. Mkono wa kwanza ukitiwa maji asilimia 10 hadi 15 si vibaya, wa pili usizidi asilimia 5, au fuateni kilichoandikwa kwenye ndoo. Zaidi ya hapo gundi inayoshika rangi imetawanyika mno; rangi itakauka na kupendeza, lakini ukiupapasa ukuta kiganja kinatoka na vumbi kama chaki.

Hoja yake ya kufutika ina ukweli ndani yake, ila jibu si rangi ya mafuta. Hiyo hufungia unyevu ukutani, na nyeupe au krimu ya mafuta hugeuka njano ndani ya nyumba, hasa nyuma ya makabati na mapazia ambako mwanga haufiki. Kuna rangi za maji za silki, zenye mng'ao kidogo, ambazo hufutwa kwa kitambaa kibichi na sabuni kidogo. Zipakwe korido, jikoni na vyumba vya watoto. Mafuta yabaki kwenye milango, fremu na nondo za madirisha. Hata silki msiisugue kabla ya wiki mbili hadi nne. Ikiguswa haishiki mkono, lakini ndani bado inakomaa.

Kuhusu maandalizi nitasema machache kwa kuwa fundi mzuri anayajua. Ninyi mnatakiwa tu kusimamia. Chungwa la zamani likaguliwe kama bado limeshika: chora msalaba kwa wembe, bandika tepu, ivute kwa ghafla. Ikitoka na rangi, sehemu hiyo yote ikwanguliwe. Skimu ipigwe mara mbili nyembamba, si mara moja nene inayopasuka. Puti ya jipsamu ni ya ndani pakavu tu. Kwenye ukuta wa bafu na ile lipu mpya tumieni puti ya saruji, kwani jipsamu ikilowa huvimba na kulainika. Msasa namba 150, kisha 220, halafu vumbi lifutwe. Hili la vumbi ndilo hurukwa, na ndilo linalofanya rangi ianguke kama karatasi, kwa sababu imeshikana na unga wa puti badala ya ukuta. Baada ya hapo praima nyeupe juu ya chungwa lote, la sivyo kijani kitahitaji mkono wa tatu na wa nne. Kama kuna rangi ya mafuta ya miaka mingi kwenye milango, hasa njano au nyekundu, isipigwe msasa mkavu. Huenda ina madini ya risasi. Msasa wa maji, watoto wakiwa mbali. Na pakipakwa rangi ya maji juu ya mafuta bila kukwaruza na praima, kucha inaibandua.

Msipake masika. Hewa imejaa maji, mkono wa pili unawekwa wa kwanza haujakauka, na ukungu unaanza ukiwa bado unalipa deni la fundi. Juni hadi Septemba ni majira mazuri, na Januari na Februari pia, ila kwa kuta za nje fuateni kivuli: upande wa magharibi asubuhi, wa mashariki mchana. Rangi ikikauka kwenye rola kabla haijatandazwa, alama za kuunganisha hazifutiki. Bafuni, kama dari ina madoadoa meusi, ni ukungu. Ua kwanza kwa jiki, sehemu moja kwa maji tatu, iache dakika 15 hadi 20, suuza, ikauke kabisa, ndipo rangi ya kuzuia ukungu. Jiki isichanganywe na dawa nyingine ya choo, na dirisha liwe wazi.

Fasheni uliyoulizia, sasa. Kijivu kilitawala miaka mingi. Kampuni ya Pantone ya Marekani, ambayo kila mwaka hutangaza rangi ya mwaka, kwa mwaka 2021 ilitaja kijivu pamoja na njano. Kwa mwaka 2025 ikataja Mocha Mousse, kahawia ya kahawa na chokoleti. Upepo umehamia rangi za udongo: kahawia, mfinyanzi, zeituni, nyeupe za joto. Kwa maneno mengine, sofa lenu limerudi kwenye fasheni bila ninyi kutoa senti. Mwambie shemeji taratibu.

Fasheni nyingine zipimwe kwa hali ya hewa ya hapa. Wolpepa kwenye ukuta wa nyumba isiyo na kiyoyozi huanza kufunguka kwenye maungio masika ya kwanza, na nyuma yake ukungu hujenga. Zile mbao za mistari za nyuma ya TV hazina shida kama ni za plastiki au mchanganyiko wake. Zenye mgongo wa ubao ulioshindiliwa huvimba. Sofa la ngozi bandia linalong'aa dukani huchunika baada ya miaka michache, kwa kuwa unyevu na jasho huvunja utando wa juu. Mkija kubadilisha, chukueni kitambaa, na fremu ya mbao ngumu kwa mafundi wa Keko ambao mnaweza kuiona kabla haijavikwa. Ukuta wa rangi tatu zilizokatwa pembetatu kwa tepu ulipendeza kwa muda wake. Nisingeupendekeza tena.

Kinachobaki ni vitambaa na vitu vidogo, na hapa ndipo rangi kali zina ruhusa. Gawanyo la mafundi wa mapambo ni 60, 30 na 10: nyeupe ya ufuta na sakafu ndiyo sehemu kubwa, sofa na ukuta wa kijani ndiyo 30, halafu 10 ni ya mito, picha na vyungu. Hiyo 10 ipeni damu ya mzee au rangi ya mfinyanzi, ambazo zinaelewana na kijani cha ukijivu. Mito miwili ya kitenge inatosha. Minne yenye nakshi tofauti ni ugomvi. Mchoro mmoja mkubwa wa Tingatinga kutoka Oysterbay unaubeba ukuta wa mashariki peke yake, kwa vile asili yake ni rangi za mafuta zinazong'aa, na ukuta usiong'aa huuacha useme. Katikati ya mchoro iwe sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni. Wengi hutundika juu mno. Kinyago cha Mwenge kiwekwe chini au kwenye meza ndogo, mbali na jua la moja kwa moja la magharibi, kisije kikapasuka.

Pazia la dirisha la magharibi liwe na bitana, la sivyo mtaiva sebuleni. Bomba la pazia lifungwe sentimita 10 hadi 15 juu ya dirisha na lizidi sentimita 30 kila upande, ili pazia likifunguliwa lisizibe kioo. Dirisha la mita 1.8 linataka bomba la mita 2.4, na kitambaa mara mbili ya hapo, mita 4.8. Vitambaa vingi vya mapazia Kariakoo vina kimo cha mita 2.8, kwa hiyo mnanunua kwa urefu huo bila kuunganisha. Rangi yake iwe ya kahawia ya sofa iliyopauka, au nyeupe ya ufuta. Pazia la kijani kando ya ukuta wa kijani halitafanana nao kamwe, litakuwa tu limekosea kidogo. Zulia la mita 2 kwa 3, miguu ya mbele ya sofa ikanyage juu yake. Kama bajeti imekata, mkeka mkubwa wa ukindu unafanya kazi ileile juu ya marumaru za kijivu, na masika unaanikika.

Rangi itakayobaki imimineni kwenye chupa ndogo za plastiki zijae mpaka mdomoni, hewa isibaki. Andikeni namba ya mchanganyiko, jina la duka, chumba na tarehe, na chupa zikae chini ya kitanda au kabatini, si stoo ya bati inayopata joto la mchana.